Somo la Jumanne

Stima imepotea tangu saa nne, Kayole nzima,
basi mashine za kukausha nywele zimenyamaza
na saluni ya Rispah imegeuka darasa.
Nimepewa kile kiti kibovu cha kuoshea vichwa.
Wanawake tisa. Kichwa kimoja kimesukwa nusu.

Sina mfano wa mwili. Ule wa kliniki uliazimwa mwezi wa tatu
na mtu wa Njiru, haujarudi.
Nina glasi ya chai niliyoiosha mara mbili,
nina kiganja changu, nina mdomo.

"Kwanza tarehe," nasema, "kama unavyosoma ya maziwa.
Pakiti haifunguliwi kwa meno,
wewe si mtoto na hii si barafu."
Mutheu anacheka hadi anashika ukuta.

Naitoa. Inateleza, inang'aa kidogo:
mfuko laini, pete mbili.
Kimya.
"Hii ni ya tembo?"
"Alipopitia Brayo wako na kilo zake nne
hapawezi kushindwa na kamfuko."
Sasa wanacheka wote, na kicheko kikishapita
wanasogeza viti.
Hapo ndipo ninapojua wameanza kusikia.

Pete ya ndani ibane kwa vidole
iwe kama nane iliyokazwa kiuno.
Chuchumaa, au weka mguu mmoja juu ya stuli,
au lala, kila mlango una namna yake.
Isukume kwa kidole, polepole,
mpaka usiisikie tena. Ikikukera, haijafika.
Pete ya nje hubaki nje, kizingitini,
na mgeni umwongoze kwa mkono wako apite katikati,
asijipenyeze kando kama wale wa kuruka foleni ya maji.

"Yaani naivaa mimi? Kabla hajafika?"
"Kabla hajafika. Ukiwa bado unasonga ugali, ukitaka."
Achola anarudia maneno hayo taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji na kukuta imezidi.

Mama Kerubo ana kilemba cha kanisa.
Alisema amekuja kumngoja binti yake tu.
Ndiye anayeuliza:
"Na kama amekunywa, na hataki kuulizwa kitu?"

Hakuna anayecheka.
Naizungusha glasi. Kijitabu changu hakina ukurasa huo.
"Huu ni mpira," nasema, "si askari.
Anayekupiga, njoo uniambie, twende wawili."
Najua ni jibu fupi.

Nami nilivaa pete, miaka kumi na saba,
dhahabu ya River Road, iliacha kijani kidoleni.
Hakuna aliyeniambia haizuii kitu.
Niliambiwa kliniki, kwenye kadi
iliyokosea jina langu herufi mbili.
Sasa kila saa tatu usiku nameza kidonge changu,
na niko hapa, nimenona, nabishana nanyi.

Ukimaliza, kabla hujasimama,
sokota pete ya nje kisichomo kisimwagike, vuta,
funga kwa karatasi, tupa pipani.
Si chooni, choo cha ploti mnakijua wenyewe.
Usiivae pamoja na ile ya mwanamume, zitasuguana zichanike.
Na haioshwi ikarudiwa, Mutheu,
nakuona unavyopiga hesabu.

Stima inarudi bila kubisha.
Mashine zinaunguruma, redio inaingilia katikati ya tangazo,
kichwa kilichosukwa nusu kinarudi mkononi mwa Rispah,
na somo linakwisha bila mtu kulifunga.
Nilikuja na pakiti ishirini. Nahesabu nne.

Niko mlangoni natafuta kiatu
Mama Kerubo anaporudi kuchukua mwavuli wake.
Hakuja na mwavuli.
Anatazama barabarani, anaitazama glasi.
"Ile nane," ananong'ona,
"nionyeshe tena."